Dawa ya Kuotesha Meno na Sababu za Kweli za Meno Kung'oka

Tangu mwaka 2024, habari kwamba Wajapani wamepata dawa ya kuotesha meno mapya imezunguka sana katika simu za watu, na kila inapopita huacha maswali yaleyale: itafika lini, itauzwa kwa bei gani, na je, mtu aliyeng'olewa magego matatu aanze kujitayarisha kuyapata tena? Habari yenyewe si ya uongo, ila imefupishwa mno hadi imepoteza sura yake. Katika kufupishwa huko limesahaulika jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi, nalo ni kwamba meno mengi ya watu wazima hupotea kwa sababu ya maradhi mawili yanayojulikana vizuri, yanayokwenda polepole, na ambayo yanaweza kusimamishwa kabla jino halijafikishwa kwenye koleo.

Tuanze na hiyo dawa. Anayeongoza utafiti wake ni Katsu Takahashi, daktari wa meno na upasuaji wa kinywa katika Hospitali ya Kitano mjini Osaka, ambaye ameifanya kazi hii kwa miaka mingi pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Mtoto angali tumboni, taya lake huwa na vichipukizi vidogo vya meno, na mwili una protini zinazoamua kichipukizi kipi kiendelee kukua na kipi kisimame. Mojawapo ya protini zinazosimamisha inaitwa USAG-1. Watafiti hao walitengeneza kingamwili, yaani molekuli inayoishika protini hiyo na kuizuia isifanye kazi yake. Mwaka 2021 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba panya wenye kasoro ya kurithi ya kupungukiwa na meno waliota meno kwa kutumia dawa hiyo, na kwamba jino la ziada liliota pia kwa mnyama mdogo wa jamii ya kicheche ambaye, kama binadamu, huota kwanza meno ya utoto kisha meno ya ukubwa.

Majaribio ya kwanza kwa binadamu yalianza mwaka 2024 katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, yakihusisha wanaume 30 wenye afya njema, wa umri wa miaka 30 hadi 64, kila mmoja akiwa amepungukiwa na jino moja au zaidi. Hapa ndipo wasomaji wengi wanapopotea. Hatua ya kwanza ya majaribio ya dawa yoyote huwekwa hasa ili kujua kama dawa ni salama, wala si kuthibitisha kwamba inaponya. Isitoshe, waliokusudiwa kunufaika mwanzo ni watu waliozaliwa bila baadhi ya meno kwa sababu za kurithi, hasa watoto. Kukosa meno 6 au zaidi tangu kuzaliwa humpata takriban mtu 1 kati ya 1,000, na watafiti wameweka lengo la kuwafikishia watu hao dawa ifikapo mwaka 2030. Matumaini ya kuwasaidia pia watu wazima waliong'olewa meno yapo, lakini ni hatua ya mbali zaidi. Hata hatua hiyo ikifikiwa, jino jipya litaota katika kinywa kilekile, chenye fizi zilezile na mazoea yaleyale yaliyoliondoa jino la kwanza.

Kwa hiyo inafaa tuelewe jino la kwanza liliondokaje. Sehemu ya jino tunayoiona imefunikwa na enameli, tabaka gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, ambalo takriban asilimia 96 yake ni madini. Chini ya enameli kuna dentini, ambayo ni laini zaidi, na katikati kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Mzizi haukugandishwa kwenye taya; umeshikwa na mfupa kwa nyuzi nyingi nyembamba, na ufizi umezunguka shingo ya jino ili kuziba njia ya kuingia huko chini. Ukishaijua ramani hii utaona kwamba jino lina njia mbili kuu za kupotea: ama linatobolewa mpaka kiini kinaoza, ama linabaki zima lakini linapoteza kinacholishikilia.

Kutoboka kwa meno kuna maelezo ya kale ambayo bado yana nguvu katika jamii zetu, kwamba kuna wadudu wanaolitafuna jino kutoka ndani. Wapo hata wanaofukiza dawa za mitishamba na kumwonyesha mgonjwa vijidudu vilivyodondoka. Imani hiyo ilienea duniani kote kwa maelfu ya miaka, na si ajabu, kwa kuwa tundu la jino lina sura ya kitu kilichotobolewa na maumivu yake ni ya kuchimbachimba. Aliyeweka msingi wa maelezo mengine ni Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya utafiti mjini Berlin, na ambaye mwaka 1890 alieleza kwamba bakteria wa kinywani huchachusha mabaki ya vyakula vya sukari na wanga na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya jino. Utafiti uliofuata umeongeza mengi juu ya kauli yake, lakini msingi haujabadilika.

Bakteria hao huishi ndani ya utando laini, wenye kunata, unaojijenga juu ya meno kila siku. Mtu akila kitu chenye sukari, katika dakika chache tu asidi huongezeka ndani ya utando huo hadi madini yanaanza kutoka kwenye enameli, na huchukua takriban nusu saa hadi saa nzima kabla mate hayajaipoza asidi na kuanza kurudisha madini yaliyopotea. Jino, basi, linabomolewa na kujengwa upya mara kadhaa kila siku. Tundu hutokea pale ambapo vipindi vya kubomolewa vimezidi vipindi vya kujengwa kwa miezi mingi mfululizo.

Dalili ya kwanza ya hali hiyo haiumi na wala si tundu. Mnyanyue mdomo wa juu mtoto wa miaka miwili anayelala na chupa ya maziwa au juisi, umpanguse meno ya mbele kwa kitambaa mpaka yakauke, kisha utazame kwenye mwanga mahali jino linapokutana na ufizi. Ukiona mstari mweupe usiong'aa, wenye rangi ya chokaa, hapo madini yameshaanza kutoka. Mstari huo unaweza kusimamishwa kwa kuacha chupa ya usiku na kumpigisha mswaki kwa dawa yenye madini ya floraidi, kwa kiasi kisichozidi punje ya mchele. Ukigeuka kahawia na kubonyea, enameli imeshavunjika, na tundu halijizibi lenyewe kwa sababu enameli haina chembe hai za kujikarabati kama mfupa. Wazazi wengi huambiwa wasihangaike, kwamba hayo ni meno ya utoto na yatatoka tu. Yatatoka kweli, lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka kumi au kumi na mbili, na yaking'olewa mapema meno ya jirani husogea na kuziba nafasi ya meno ya ukubwa.

Je, tatizo ni wingi wa sukari au ni mara ngapi inaliwa? Swali hili lilijibiwa nchini Uswidi kwa njia ambayo leo isingeruhusiwa. Katika taasisi ya Vipeholm, karibu na mji wa Lund, watu wenye ulemavu wa akili walipewa katika miaka ya 1940 sukari kwa namna mbalimbali, baadhi yao wakila peremende zenye kunata kati ya mlo na mlo, ili ionekane meno yao yangeharibikaje. Hawakuulizwa ridhaa, na meno ya wengi yaliharibiwa kwa makusudi. Nadhani ni wajibu kulitaja hilo kila matokeo hayo yanapotumiwa, kwa kuwa watu hao walilipia elimu tuliyo nayo. Matokeo yalikuwa wazi: sukari iliyoliwa pamoja na mlo iliongeza matundu kidogo tu, ilhali sukari yenye kunata iliyoliwa mara nyingi kati ya milo iliyaongeza kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo soda moja inayonywewa pamoja na chakula cha mchana ina madhara madogo kwa meno kuliko soda hiyohiyo inayobebwa dukani au kwenye bodaboda na kunywewa funda kwa funda mpaka jioni. Hali ni hiyo pia kwa chai ya sukari inayopashwa moto na kuonjwa siku nzima.

Floraidi imeleta mkanganyiko wa pekee katika Afrika Mashariki. Mji wa Grand Rapids nchini Marekani ulikuwa wa kwanza duniani kuongeza floraidi kidogo katika maji ya bomba, mwaka 1945, na meno yaliyotoboka ya watoto waliozaliwa baadaye yalipungua kwa zaidi ya nusu. Kwetu, kwa upande mwingine, watu wa maeneo ya mlima Meru mkoani Arusha na ya Bonde la Ufa nchini Kenya wanaona meno yenye mabaka ya kahawia yanayosababishwa na floraidi iliyozidi katika maji, na wapo wanaohitimisha kwamba hata dawa ya meno yenye floraidi ni sumu. Mambo haya mawili hayagongani. Mabaka hutokea wakati jino linajengwa ndani ya taya, utotoni, mtoto anapomeza floraidi nyingi kwa miaka katika maji, au katika chakula kinachopikwa kwa magadi yenye madini hayo. Jino likishaota, floraidi inayolifikia kutoka nje kwa mswaki hulisaidia kurudisha madini yake. Mtu mzima hawezi kupata mabaka hayo kwa kupiga mswaki.

Njia ya pili ya kupoteza meno, yaani ugonjwa wa fizi, haieleweki sana kwa sababu hauumi. Ule utando laini usipoondolewa kwenye mpaka wa jino na ufizi, ufizi huvimba na kutoa damu. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kabisa kusafisha meno. Wote fizi zao zilivimba, wengine baada ya siku kumi tu, wengine baada ya wiki tatu, na waliporudia kupiga mswaki zilipona katika muda wa wiki moja hivi. Mtu anayeona damu kwenye mswaki, basi, hana sababu ya kuacha kupasugua mahali hapo kwa kuogopa kupaumiza, kwani damu hiyo ndiyo inayomwonyesha mahali palipoachwa bila kusafishwa.

Utando ukikaa huingiwa na madini ya mate na kuwa ugaga, ambao mswaki hauwezi kuutoa. Kwa baadhi ya watu, uvimbe hushuka chini ya ufizi na mwili, katika kupambana nao, huanza kuuyeyusha mfupa wenyewe. Jino hupatwa na yale yanayoupata mnazi wa ufukweni ambao mawimbi yanakula mchanga wa mizizini mwake: shina ni zima, makuti ni mabichi, lakini siku ya upepo mdogo unalala. Ndiyo maana watu hushangaa kung'oka jino zuri, jeupe, lisilo na tundu hata moja.

Nimesema kwa baadhi ya watu, na hapo pana utafiti unaostahili kujulikana zaidi. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1985 Löe na wenzake waliwafuatilia vibarua wanaume 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, ambao hawakuwa na huduma yoyote ya meno wala mazoea ya kupiga mswaki, na ambao karibu hawakuwa na meno yaliyotoboka. Wote walikuwa na utando, ugaga na fizi zilizovimba. Hata hivyo, asilimia 11 hawakupoteza mfupa wa maana, asilimia 81 waliupoteza kwa mwendo wa wastani, na asilimia 8 waliupoteza kwa kasi kubwa. Kundi hili la mwisho lilianza kupoteza meno katika umri wa miaka 20, na kufikia miaka 45 lilikuwa limeyamaliza yote, wakati kundi la kati lilikuwa limepoteza meno 7 kwa wastani na kundi la kwanza halikupoteza karibu jino lolote. Uchafu uleule, umri uleule, na matokeo yanayotofautiana kabisa. Mwili wa mtu, pamoja na mambo kama uvutaji wa sigara na kisukari kisichodhibitiwa, huamua kwa kiasi kikubwa nani atakuwa katika kundi lipi.

Matokeo yanayofanana na hayo yalipatikana karibu zaidi na kwetu. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwachunguza watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65 katika vijiji vya Machakos nchini Kenya. Ugaga ulikuwa umeenea karibu kwa kila mtu, lakini waliopoteza meno yote walikuwa nadra mno, na hata miongoni mwa wazee sababu kubwa ya meno kupotea ilikuwa kutoboka. Wazee hao ni ushahidi kwamba umri peke yake haung'oi jino. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa duniani kote takriban asilimia 7 ya watu wenye miaka 20 na zaidi hawana hata jino moja, na kwa wenye miaka 60 na zaidi ni asilimia 23. Kiwango hupanda kadiri umri unavyosonga kwa sababu maradhi haya hujumlika mwaka hadi mwaka.

Kutoka hapo tunaweza kujibu hofu moja iliyoenea, kwamba kusafishwa ugaga hospitalini hulegeza meno. Mgonjwa aliyepoteza mfupa mwingi huwa na ugaga mnene nyuma ya meno ya mbele ya chini, umeyaunganisha meno manne au sita kama ukuta mmoja. Ukiondolewa, kila jino hubaki peke yake, mianya hufunguka, ulimi hugusa sehemu ulizozisahau, na jino lililokuwa limelegea kitambo sasa hucheza waziwazi. Kilicholilegeza ni mfupa uliopotea chini yake. Kwa wengi, uvimbe ukishapungua, meno hayo hukaza kwa kiasi fulani baada ya wiki chache.

Vichwa vya habari pia hudai kwamba kung'oka kwa meno huleta maradhi ya moyo au ya kusahau uzeeni. Tafiti nyingi zimeona kweli kwamba waliopoteza meno mengi hupatwa zaidi na maradhi hayo. Lakini mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Sigara, umaskini na kisukari huharibu meno na huharibu moyo kwa wakati mmoja, na mzee anayeanza kusahau huenda akasahau kwanza mswaki. Chama cha Moyo cha Marekani kilipoupitia ushahidi mwaka 2012 kilikubali kwamba uhusiano upo, kikasema haijathibitishwa kwamba ugonjwa wa fizi husababisha ugonjwa wa moyo wala kwamba kuutibu huuzuia. Kwa kisukari ushahidi una nguvu zaidi, na unakwenda pande zote mbili: sukari ikiwa juu fizi huharibika upesi, na majaribio yameonyesha kwamba kutibu fizi hupunguza kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kwa karibu pointi 0.4.

Imani kwamba kung'oa jino la juu hupofusha inaweza kujibiwa kwa ufupi. Mshipa wa fahamu unaohudumia meno ya juu si ule wa kuona, na hatari kwa jicho hutoka zaidi kwenye usaha wa jino bovu lililoachwa bila tiba. Imani juu ya meno ya plastiki, au ya nailoni, haistahili ufupi huo, kwa sababu inaua. Mtoto wa miezi michache anapoharisha na kupata homa, baadhi ya watu hutazama fizi zake, huona uvimbe mweupe mahali chonge zinapojiandaa kuota, na kumpeleka kwa mtu anayepasua ufizi kwa kifaa kisicho safi na kuchimbua kilichomo. Kinachotolewa, chenye weupe na ulaini, ni chonge lenyewe la mtoto ambalo bado halijakomaa. Kuharisha kwa umri huo husababishwa na maambukizi, wakati mtoto anapoanza kutambaa, kutia vitu mdomoni na kula vyakula vipya, na kinachohitajika haraka ni mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini (ORS) na kituo cha afya. Watoto waliopasuliwa ufizi namna hiyo wamekufa kwa kutoka damu, kwa pepopunda na kwa usaha ulioingia kwenye damu, na walionusurika wengi wamekua na chonge za ukubwa zilizoharibika au zisizoota kabisa.

Inabaki hatua ya mwisho, ya koleo lenyewe. Jino lililotoboka kwa kawaida halitoki mpaka mtu aamue kulitoa, na mara nyingi huamua hivyo kwa sababu amefika akiwa na maumivu makali, kung'oa ni nafuu kuliko kutibu mzizi, na kituo cha karibu hakina mashine ya kuziba. Baada ya kung'oa, mfupa wa mahali pale husinyaa, meno ya jirani huinamia pengo, na jino la upande wa pili hushuka au kupanda likitafuta mwenzake. Ni kwa kuona hali hii ndipo, katikati ya miaka ya 1980, njia nyingine ya kuziba meno ilipoanza kujaribiwa hapahapa Tanzania: daktari huondoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme na mara nyingi bila sindano ya ganzi, kisha huziba kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Njia hiyo ilisambaa duniani, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na dawa ya maji yenye madini ya fedha inayopakwa kusimamisha kuoza.

Njia hiyo hufaa zaidi kwa tundu dogo lisilofika kwenye kiini. Tundu la namna hiyo kwa kawaida haliumi, au huuma tu linapoguswa na kitu baridi au kitamu, na hapo ndipo inapofaa kwenda kwenye kituo cha afya na kumuuliza daktari wa kinywa na meno, kabla hajashika koleo, kama jino hilo bado linaweza kuzibwa.